Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



Wapendwa, sisi wa Mbeya na Iringa hujivunia kuilisha nchi, na wanasiasa wakipanda jukwaani hutuita ghala la taifa. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba mkoani Iringa, kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 57 wamedumaa. Kwa nchi nzima ni 30. Mkoa wenye mahindi tele ndio ulioongoza kwa udumavu.

Yawezekanaje? Tutazame nyumbani. Mama hushinda shambani, mtoto mgongoni. Maharage, mayai na maziwa huenda sokoni, na mara nyingi fedha hushikwa na mkono usio wake. Mtoto hubakiwa na ugali. Tusiseme ni umaskini tu. Ni ukosefu wa usawa, nao umeketi mezani kwetu.

Lazaro alilala mlangoni pa tajiri. Wa kwetu amelala ndani. Akina baba, wiki hii, kabla ya kuuza, mwulizeni mama wa nyumba ni kipi kibaki. Ghala husifiwa kwa walioshiba, si kwa magunia.