Bi Harusi na Deni la Bodi

Msimu wa harusi umepamba moto, na dada zetu wengi waliovuka bahari kusoma Dar, wakapata kazi na sasa wanaolewa hukohuko Goba, wanaingia ndoani na deni ambalo somo halitaji na wazee hawaulizi siku ya posa: deni la Bodi ya Mikopo. Sanduku linakaguliwa mpaka leso ya mwisho. Hati ya mshahara hakuna anayeitazama.

Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, yakawa asilimia 15, na yakawashukia hata waliokopa zamani. Chukua mwalimu wa Goba mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Asilimia 8 ni 64,000. Asilimia 15 ni 120,000. Hiyo 56,000 iliyozidi, kwa nyumba changa, ni gesi, maji na nauli. Anayesema ni pesa ndogo apande daladala ya Goba asubuhi, mwezi mzima, kisha aturudie.

Sisi dini yetu haikutuacha gizani kwenye madeni. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya deni: liandikwe, pawe na mashahidi, na anayedaiwa ndiye amsomee mwandishi cha kuandika. Basi ni makubaliano gani haya ambayo mdai anabadili kiwango baada ya mdaiwa kusaini? Aya mbili nyuma yake, mdaiwa mwenye dhiki anatakiwa apewe muda.

Kwa miaka ilikuwapo pia tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, eti ya kulinda thamani ya fedha. Jina zuri, lakini aliyekaa madrasa anajua nyongeza juu ya mkopo inaitwaje. Binti yuko nyumbani anatafuta kazi, deni linanenepa. Mei Mosi 2021 Rais Samia alitangaza kuifuta, na faini ya asilimia 10 ya kuchelewa nayo ikaondolewa. Allah amlipe kheri. Lakini ile 15 ipo palepale.

Tunaambiwa marejesho ndiyo yanayosomesha wadogo zetu. Kweli, na hatumtetei anayekimbia deni, Mtume (S.A.W.) alikataa kumsalia maiti aliyekuwa na deni mpaka Abu Qatada alipolibeba. Tunachokataa ni mwendo wa kulipa uliopangwa na wasioubeba. Wakubwa waliosoma Mlimani kabla uchangiaji wa gharama haujaingia miaka ya 1990 walisomeshwa na serikali, wakatoka bila ya deni. Leo binti anasoma bila ada mpaka kidato cha sita, maana mwaka 2022 serikali iliweza kufuta ada ya kidato cha tano na sita, halafu akivuka mlango wa chuo anakabidhiwa mamilioni ya deni. Iliyoweza lile haishindwi kupunguza hili.

Na nyumbani nako tusemezane. Kisheria ya dini, mali ya mke ni yake na deni lake ni lake. Mume anayesema "deni la Bodi halinihusu" yuko sahihi. Akumbuke basi kuwa kodi ya nyumba na chakula ni juu yake, asije akauhesabu mshahara wa mke mara mbili. Na yule anayetaka mke aache kazi siku ya pili ya harusi aseme mapema nani atalipa, kwa sababu Bodi haisamehi kwa sababu ya ndoa. Bi harusi, omba taarifa ya deni lako kabla ya posa, walii wako aione, mchumba aione, na mtakalokubaliana liandikwe.

Waheshimiwa wa viti maalumu, mnaokaa nasi mkekani kwenye maulidi na kuchezeshwa kwenye kicheni pati zetu: bajeti husomwa Juni kule Dodoma. Tunataka kusikia nani kati yenu atasimama aseme makato yarudi asilimia 8, na aliyekosa kazi asidaiwe mpaka aipate. Tutaandika majina hapahapa.