Gunia la Mama na Sado ya Mjini

Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea Dar es Salaam mwezi uliopita, akitokea Njombe, nilipanga kumpeleka ufukweni. Yeye akataka sokoni. Bahari, alisema, haitahama.

Tulianzia Kariakoo, kwenye vitenge, na huko nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Mimi ni mtu wa kuuliza bei, kulipa na kuondoka, kana kwamba kuomba kupunguziwa ni kukiri umaskini. Mama alikaa kwenye benchi la mwenye duka, akaulizia hali ya watoto, akageuza pindo la kitambaa kutazama upande wa pili, akainuka mara mbili kama anayetaka kwenda zake. Muuzaji, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, alimwamkia shikamoo kisha akampinga shilingi kwa shilingi kwa furaha iliyo dhahiri. Waliagana kama ndugu. Kero ikaja mwishoni: tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, mfuko mbadala una bei yake. Mama akafungua kanga, akafunga vitenge vyake ndani. “Hiyo mia tano kanunulie chumvi,” akaniambia.

Jioni tukapita soko la mtaani kwetu kununua viazi mviringo. Huko viazi hupimwa kwa sado, lile kopo la plastiki la rangi la lita 4. Muuzaji alijaza, akarundika hadi kikatokea kilima juu, nami nikaona tumetendewa ukarimu. Mama akaomba kopo limwagwe, akaligeuza. Kitako kilikuwa kimesukumwa ndani kwa moto, kina cha vidole vitatu hivi.

“Mwanangu, sado yako ina tumbo la ndani.”

Muuzaji hakukana. “Mama yangu, nikipima kwa sado nzima, ushuru wa meza nitalipa na nini?”

Nilitarajia ugomvi. Mama alinyamaza, akaokota kiazi kimoja, akakisugua udongo kwa kidole gumba. Yeye hulima viazi hivyo hivyo. Kwake gunia halifungwi likijaa. Hushonewa kilemba cha kamba juu, viazi vikaendelea kupangwa mpaka kilemba nacho kishibe. Hiyo ndiyo lumbesa, na bei hubaki ya gunia moja. Kwa hiyo mwanamke yule yule anayelazimishwa kujaza kupita kiasi anapouza, alikuwa amepunjwa kiazi chake mwenyewe anaponunua.

Nimekuwa nikifundisha kwa miaka mingi kwamba dola hujulikana kwa mambo inayoyapima. Mbele ya sado ile niliona sijawahi kulifikiria neno hilo sawasawa. Sheria ipo: Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo upo, na stika zake tunaziona kwenye pampu za mafuta. Mwenye gari amehakikishiwa lita yake. Mla viazi, ambaye ni karibu kila mtu, ameachiwa macho yake na bahati yake.

Kampeni dhidi ya lumbesa hutangazwa msimu hadi msimu, na kwa kawaida mkulima ndiye huambiwa akatae. Huu ni ushauri wa mtu asiyewahi kuwa na viazi vilivyokwisha kuchimbwa, mvua ikinyesha na gari la mnunuzi likiwa limewasha injini. Isitoshe, pale ushuru na nauli vinapohesabiwa kwa gunia badala ya kilo, kila anayeligusa gunia ana sababu ya kulinenepesha. Hilo linaweza kubadilishwa kwa kanuni, bila semina. Korosho za Mtwara na Lindi hupita kwenye vyama vya ushirika na maghala, kwa kilo, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Mfumo huo una malalamiko yake, hasa malipo yanapochelewa, na kiazi hakivumilii ghala kama korosho. Lakini mzani wa pamoja kijijini, ambao kila mnunuzi lazima aupitie kabla ya kupakia, hauhitaji ghala. Unahitaji halmashauri ikubali kutoza ushuru wake kwa kilo.

Tulinunua sado mbili. Muuzaji akaongeza viazi vitano vya nyongeza bila kuombwa, akimtazama mama pembeni.

Kesho yake mama aliniomba turudi Kariakoo, tukanunua mzani wa kuning’iniza, ule wa ndoano. Aliufunga katikati ya vitenge akaondoka nao. Wiki iliyopita nilimpigia kumsalimu nikauliza habari za mzani. Aliutundika kwenye mti wa parachichi, mnunuzi alipofika akamwonyesha. Yule bwana aliutazama, akausifu kwamba ni mzuri, kisha akasema yeye ananunua gunia, hanunui kilo.

“Ukafanyaje, mama?”

“Gari likaenda kwa jirani. Baada ya siku mbili nikamwita mwenyewe.”