Pakiti za wachezaji kwenye simu: unanunua kadi au unanunua bahati?

Ukipita Katoro, Kahama au Mwakitolyo jioni, vijana walioinamia simu si wote wanaochati. Wengi wanacheza eFootball, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami ya Japani, ambayo zamani tuliijua kwa jina la PES. Kuipakua ni bure. Lakini timu inajengwa kwa kadi za wachezaji, na kadi kali zinapatikana kwa kufungua pakiti. Hapo ndipo pesa inapoanza kutoka.

Pakiti hizi zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye karata za kukusanya. Mwaka 1993 Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, alitoa karata zinazoitwa Magic: The Gathering. Mnunuzi alilipia pakiti iliyofungwa bila kujua ndani kuna nini. Akipata asizozitaka, alibadilishana na wenzake au kuziuza. Mwaka 2002 karata hizo zikaanza kuchezwa kwenye kompyuta kwa njia ya intaneti.

Konami nao wana karata zao, Yu-Gi-Oh!, tangu mwaka 1999. Januari 2022 walitoa programu ya kuzichezea mtandaoni, Master Duel. eFootball ni mpira, lakini mtindo wa pakiti ni ule ule wa karata.

Tupige hesabu

Chukua boksi lenye kadi 150, ambamo tatu tu ndizo za wachezaji wakali. Ukivuta kadi kumi, nafasi ya kupata hata mmoja kati ya hao watatu ni kama asilimia 19, chini ya moja kati ya tano. Kama unamtaka mmoja maalumu, nafasi yako ni moja kati ya 15.

Maana yake, vijana 15 wakilipia kadi kumi kila mmoja, kwa wastani mmoja tu atampata anayemtaka. Huyo ataweka picha kwenye status ya WhatsApp. Wale 14 watanyamaza. Ndiyo maana kijijini inaonekana kama kila mtu anapata.

Tofauti na mfuko wa mawe

Wachimbaji watasema hata mgao wa mawe ya duarani ni bahati. Ni kweli. Lakini mwenye mawe anaweza kusaga kidogo, akaosha kwenye karai, akaona yana nini. Akipata dhahabu, anaipeleka soko la madini na inakuwa pesa yake.

Kadi ya kwenye simu haiuzwi. Masharti ya Konami yanakataza kuuza akaunti, kwa hiyo anayenunua ya mtu mwingine anaweza kufungiwa, au mwenyewe akairudisha kwa nenosiri la zamani. Na gemu yenyewe inaweza kufungwa. Konami walitoa gemu nyingine ya karata, Cross Duel, mwaka 2022. Septemba 2023 waliifunga, na kadi za watu zikaishia hapo. Unacholipia ni ruhusa ya kuitumia kadi kwa muda ambao kampuni itaamua.

Je, ni kamari?

Nchi hazijakubaliana. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema pakiti za aina hii ni kamari, na mwaka uliofuata kampuni ya EA, wakati huo wenye gemu ya FIFA, ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti. Lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala Uholanzi ilifuta faini ya euro milioni 10 dhidi ya EA, ikisema pakiti ni sehemu tu ya gemu yenyewe.

Kwetu, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania inasimamia kasino, ubashiri wa mechi na mashine za sloti, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Pakiti ya gemu haimlipi mtu hata shilingi, kwa hiyo wazazi wengi hawaioni kama kubahatisha. Mtoto anayekatazwa kusogelea mashine ya sloti dukani anavuta pakiti nyumbani kwa simu ya baba.

Ufanye nini?

Kwanza, fahamu kwamba unaweza kucheza bila kulipa. Gemu inatoa pointi kwa anayecheza mechi, na kuna wachezaji wa kununua kwa pointi hizo.

Pili, soma uwezekano kabla ya kulipa. Apple tangu Desemba 2017, na Google tangu 2019, zinazitaka gemu zinazouza pakiti za bahati zionyeshe uwezekano huo.

Tatu, mzazi, fungua Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, ingia kwenye mipangilio, tafuta uthibitishaji wa ununuzi, chagua kila ununuzi udai nenosiri. Nenosiri hilo mtoto asilijue.

Nne, usimtumie pesa mtu wa kwenye grupu anayekuuliza barua pepe na nenosiri lako ili akuwekee sarafu. Ukimpa hivyo viwili, umempa akaunti yako.

Kama bado unataka kuvuta pakiti, tenga kiasi ambacho ukikikosa chote hakitakosesha nyumba unga. Kikiisha, rudi kwenye mechi na kikosi ulichonacho.