Vyaelea, Vimeundwa: Kamera, Mkato na Sauti katika Tamthilia za Televisheni kuhusu Bonde la Ufa

Kuna kasoro moja sugu katika uhakiki wa Kiswahili ambayo haijakemewa inavyostahili. Mhakiki anapokabiliana na tamthilia ya televisheni huketi mbele ya kioo, akanukuu mazungumzo, kisha akaizima televisheni na kuanza kuorodhesha dhamira, wahusika, migogoro na ujumbe. Kazi aliyoihakiki ni mswada ambao hata hakuushika mkononi. Kamera iliwekwa wapi, picha ilidumu kwa muda gani, ilikatwa ikafuatwa na picha ipi, muziki ulianza lini na ulimfunika nani: masuala hayo yote huachiwa mafundi. Makala haya yanadai kwamba uhakiki wa namna hiyo haupungukiwi tu, bali hupotosha. Mara nyingi maneno husema jambo moja na picha ikasema jingine, na mtazamaji akaondoka na lile la picha.

Ushahidi wa dai hili unapatikana Gilgil. Mji huu umo njiani baina ya Naivasha na Nakuru. Upande mmoja kuna ziwa Elementaita na ardhi ya Kekopey. Upande wa pili ardhi inapanda kuelekea Wanjohi na milima ya Nyandarua. Katika enzi ya ukoloni, walowezi wa Wanjohi waliokitumia kituo cha reli cha Gilgil walipata sifa ya ulevi na uzinzi, hata makao yao yakaitwa Bonde la Raha. Nyumba ya Slains, makao ya Lord Erroll na mkewe Idina, ilikuwa karibu na Gilgil. Erroll alipouawa kwa risasi karibu na Nairobi tarehe 24 Januari 1941, na Sir Jock Delves Broughton akashtakiwa na kuachiliwa mwaka huohuo, kisa hicho kikawa malighafi ya watunzi. Mwaka 1987 BBC ilitangaza tamthilia ya The Happy Valley, na mwaka uohuo Michael Radford akatoa filamu ya White Mischief. Kabla ya hapo, mwaka 1981, Thames Television ilikuwa imeonyesha The Flame Trees of Thika, tamthilia ya vipindi 7 iliyotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959.

Mhakiki wa dhamira akizitazama kazi hizi atatangaza kwamba zinawasuta walowezi. Kwa upande wa mazungumzo, hakosei sana. Katika The Happy Valley baba mlowezi ni katili kwa bintiye. Katika White Mischief, mhusika Alice anaamka asubuhi na kuulaani uzuri wa siku mpya, ishara ya watu waliochoshwa na starehe zao wenyewe. Lakini yafaa kuuliza: wakati Alice anaulaani uzuri huo, kamera inafanya nini? Kamera inauonyesha. Kinywa kinakana, jicho linakubali, na mtazamaji aliyelipa ili aone hupewa kile ambacho mhusika anadai kukichoka.

Hapana budi kuichunguza picha ya mbali, ile inayoliweka bonde zima mbele ya macho bila mtu ndani yake. Picha hiyo imezoeleka katika tamthilia za walowezi kiasi cha kuonekana kama pambo. Si pambo. Ni sentensi kamili, nayo inasema: hapa hapakuwa na mwenyewe. Historia inasema vingine. Mkataba wa 1904, uliofungwa baina ya serikali ya Sir Donald Stewart na Wamaasai chini ya Olonana, uliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa ya kati, wakapelekwa Laikipia na kusini, ili ardhi iliyo kando ya reli ipewe wazungu. Mwaka 1911 waliokuwa Laikipia nao wakaambiwa wahame. Uwanda haukuwa mtupu, ulifanywa mtupu. Kamera inapouchukua utupu ulioundwa na mabwana shauri na kuuonyesha kama kazi ya maumbile, inatetea mkataba ule bila kuutaja. Mhusika hata mmoja hakuhitajika kusema neno la kikoloni.

Suala la pili ni la jicho: mtazamaji anaona kwa macho ya nani? The Flame Trees of Thika inaiona nchi kupitia mtoto mzungu. The Happy Valley nayo inakiona kisa cha mauaji kupitia Juanita Carberry, binti wa miaka 15. Walioteua waigizaji wa kazi hizo mbili walimchagua msichana mmoja, Holly Aird, kuwa Elspeth mwaka 1981 na Juanita mwaka 1987. Huenda ilisadifu tu, lakini maana yake haikwepeki. Kamera inapokaa kwenye kimo cha mtoto, mtazamaji hupewa usafi wa moyo wa mtoto huyo. Anayatazama mashamba, watumishi na bunduki kama mgeni asiye na hatia. Mtoto wa mtumishi, ambaye naye alikuwapo na alikuwa na macho, hakupewa kamera.

Suala la tatu ni sauti. Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika sinema, nao ni Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopata tuzo 7 za Oscar, zikiwamo za upigaji picha, muziki na sauti. Katika sehemu mashuhuri ya ndege, wapenzi wanaruka juu ya nchi na juu ya makundi ya heroe, maneno yanakoma, na muziki wa John Barry unaijaza anga. Ukiuondoa muziki huo, zitabaki mbuga, maji na ndege. Muziki ndio unaoigeuza nchi ya watu kuwa hisia ya wawili. Aidha, Kiswahili kikisikika katika kazi za namna hii, mara nyingi ni kile cha amri, Kisetla cha jikoni na shambani. Kikiachwa bila tafsiri, mtazamaji wa London hukisikia kama asikiavyo nyenje wa usiku. Idara za Kiswahili zilipaswa kuwa za kwanza kulalamika pale lugha yao ilipofanywa kelele ya mandhari. Hazikulalamika, kwa sababu kelele haimo katika mazungumzo yaliyonukuliwa.

Kuhusu mkato, Mrusi Lev Kuleshov alionyesha tangu zamani kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukifuatwa na picha ya chakula au ya jeneza, husomwa kuwa wenye njaa au wenye huzuni. Maana huzaliwa kwenye kiungo cha picha mbili. Vilevile hufa pale picha moja inapoondolewa. Katika Out of Africa, Berkeley Cole ni rafiki mcheshi na mpole. Nduguye, Galbraith Cole, mwenye shamba la Kekopey, alifukuzwa nchini mwaka 1911 baada ya kumwua kwa risasi Mwafrika katika kisa cha wizi wa kondoo, ingawa baraza la wazee wa mahakama, wazungu wenzake, lilikuwa limemwachilia. Uso wa Berkeley haukuunganishwa na maiti ile, na kwa hiyo upole wake haukutiwa doa.

Kuna watakaojibu kwamba mhakiki wa fasihi si fundi wa kamera. Jibu hili ni dhaifu. Mhakiki wa ushairi hakuzaliwa akijua vina na mizani, alijifunza. Isitoshe, wasomi haohao hufundisha kwamba ngano haiishii kwenye maneno, kwamba sauti ya fanani, ishara za mikono, kimya chake na itikio la hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe. Waliikataa tashbihi ya kikombe na chai, wakasisitiza kuwa fani na maudhui havitengani. Mbele ya televisheni wanakiokota tena kikombe walichokitupa.

Wengine watasema kwamba tamthilia za Kenya ni za studio, na humo maneno yanatosha. La hasha. Katika Vioja Mahakamani, iliyoanza zama za Sauti ya Kenya, kichekesho hakikai katika jibu la mshtakiwa peke yake. Hutegemea kama baada ya jibu hilo tunakatiwa kwenye uso wa hakimu, au tunaachwa kizimbani na mshtakiwa. Mkato wa kwanza hutualika kumcheka maskini pamoja na dola. Wa pili hutualika kuicheka dola pamoja naye. Mswada ni uleule. Hali kadhalika, Country Queen ya mwaka 2022, yenye kisa cha kampuni ya madini inayoitaka ardhi ya kijiji, haifai kusifiwa kwa sababu tu mada yake ni ardhi. Swali ni kamera inabaki na nani pindi wenye fedha wanapoondoka chumbani.

Yatakiwayo si makubwa. Mwanafunzi aitazame tamthilia mara moja akiwa ameizima sauti, kisha aisikilize mara ya pili akiwa amegeuza uso. Ahesabu ni nani anayepewa picha ya karibu na kwa sekunde ngapi. Aandike kila mahali muziki unapoanza, na ni sauti ya nani iliyokoma. Baada ya hayo ndipo azungumzie dhamira. Wahenga waliagiza tusione vyaelea, kwani vimeundwa, na uundaji huo una kanuni zinazofundishika darasani.

Mtoto aliyezaliwa Gilgil ana haki ya kujua kwamba uwanda ule mzuri anaoonyeshwa kwenye kioo ni nyumbani kwa watu, na kwamba kuna aliyeamua wasionekane. Idara za fasihi zisipomfundisha hayo, zitaendelea kuwahitimisha wahakiki wawezao kueleza dhamira ya ardhi katika tamthilia yoyote, wasiweze kuiona ardhi hiyohiyo inavyonyang'anywa mara ya pili mbele ya macho yao.