Sehemu ya 7: Mtafiti anapata PhD, mama anapata nini?

Mama zangu wa Mbulu na Hanang! Kule Haydom, utafiti wa MAL-ED uliwafuata watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 2, wakitembelewa nyumbani mara 2 kwa wiki. Kwenye tafiti za namna hiyo ndiko watu wengi husomea PhD. Mwanafunzi hupimwa kwa tasnifu na makala, tena baadhi ya vyuo humuuliza kama ameridhika na msimamizi wake. Sawa. Ila mama aliyekubali mwanae atolewe damu, nani anamuuliza kama ameridhika? Mimi nesi wenu nasema: hajafaulu huyo mpaka arudi kutueleza alichogundua. Kabla hujasaini, muulize, "Majibu utatuletea lini?" Na ukikataa, matibabu ya mtoto yako palepale. Ni haki yako.