Tuzibe Nyufa Mapema

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tulifundishwa tangu utotoni, na huenda kwa kuizoea mno tumeacha kuizingatia. Hapa Unguja haikupasa isahauliwe, maana Mji Mkongwe wetu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hutukumbusha ukweli wake kila masika.

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 katika utawala wa Seyyid Barghash. Mwaka 1896, manowari za Kiingereza zilipoupiga mji mizinga, kasri la jirani liliharibiwa vibaya, lakini Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Lililostahimili mizinga halikustahimili mvua na miaka. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilikuwa imekwisha anguka. Na siku ya maafa jumba lilikuwa katika matengenezo. Dawa ilikuja, lakini mgonjwa alikuwa amekwisha zidiwa.

Nyumba ya mawe haifi kwa siku moja. Paa likianza kuvuja, maji huingia katika ncha za boriti za mikoko zilizokaa ndani ya ukuta. Boriti huoza polepole bila ya kuonekana. Sakafu hulegea, na ukuta uliokuwa umeshikwa nazo hukosa wa kuushika. Mwenye haraka hupaka saruji juu ya chokaa, akadhani kazi imekwisha. Kumbe saruji huufungia unyevu ndani, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na mawe. Kutengeneza kusikofaa ni kuharibu mara ya pili.

Wako watakaosema kwamba matengenezo ni kazi ya wenye uwezo. Neno hilo lina ukweli, na Serikali pamoja na wamiliki wana wajibu ambao hawawezi kuukwepa. Hata hivyo, tundu la paa lililozibwa kabla ya mvua halimfilisi mtu. Kinachofilisi ni kungoja.

Tunayanena haya kwa kuwa hali ya binadamu haina tofauti kubwa na hiyo. Ndugu wawili hukosana kwa ajili ya shamba la urithi, wakaacha kuamkiana. Mume na mke hununiana kwa neno moja lililotamkwa kwa hasira, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze. Mzazi hubaki peke yake shamba, na watoto walioko mjini humtumia fedha kwa simu mwezi hata mwezi, bila ya kumwona uso. Fedha hizo ni haki yake, wala hatuzidharau. Lakini mzee mwenye kiu ya kuwaona wanawe, akipelekewa fedha tupu, hiyo ni saruji juu ya chokaa.

Hapana jamii isiyokuwa na nyufa. Kukosana si aibu. Aibu ni kuuona ufa ukipanuka na kusema utazibwa kesho. Tena anayeanza kuomba radhi hapungukiwi na heshima, kama vile fundi hapungukiwi kwa kuinama.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu: kabla ya masika, kila mwenye nyumba apande akague paa lake. Na akisha shuka, ampitie yule waliyekosana naye, au yule aliyemsahau, akabishe hodi. Tusiifanye siku ya mazishi kuwa siku ya kwanza ya kupatana. Mazishi hukusanya watu wengi, lakini maiti hamjui aliyekuja wala aliyelia.

Methali ya wahenga inatupa nafasi ya pili, kwani ukuta ukianguka waweza kujengwa mwingine, ijapokuwa kwa gharama kubwa. Lakini wale wawili waliofukiwa na kifusi mwaka 2020 hawana fundi wa kuwarudisha, wala mzazi wetu hatakuwa naye. Mtu hajengwi upya. Kwake yeye hakuna ila kuziba ufa, na wakati wake ni sasa, angali hai.