Pimeni Puli Kabla ya Kukata Mshahara

Katika mashine za kusaga za Juba, au tahuna kama wasemavyo wenyeji, iko desturi ambayo haina budi kukomeshwa. Mkanda wa mashine ukikatika, mwenye mashine hamwiti fundi wala haitazami mashine. Anakata bei ya mkanda katika mshahara wa mwendeshaji. Eti amezembea! Ikikatika mikanda miwili kwa mwezi, mtu aliyesaga mahindi ya watu tangu alfajiri anakwenda nyumbani na nusu ya haki yake.

Ndugu wafanyakazi, mkanda haukatiki bila sababu, na mara nyingi sababu yenyewe huonekana kwa macho.

Tutazame mashine. Injini ya dizeli iko upande huu, kinu upande ule. Kila kimoja kina puli yake, na mikanda miwili au mitatu inapeleka nguvu kutoka injini hadi kinu. Mkanda wa namna hii una umbo la kabari. Unashika kwa mbavu zake ndani ya mfereji wa puli, wala haupaswi kugusa chini ya mfereji. Ukiona chini panang'aa kama kioo, jua kwamba mkanda umelika au puli imelika, na nguvu inapotea kwa kuteleza.

Puli mbili zikikaa katika mstari mmoja, mkanda huingia mferejini na kutoka bila ugomvi. Puli moja ikisogea mbele kidogo, au injini ikikaa upande, mkanda huingia kwa ubavu. Ubavu huo hulika, joto hupanda, nyuzi huanza kuchomoza, na harufu ya mpira ulioungua hujaa kibandani. Mwisho mkanda hugeuka ndani ya mfereji, au hukatika. Penye mikanda mitatu, mmoja hubeba mzigo wa wenzake, jambo ambalo sisi wafanyakazi hatuhitaji kufundishwa. Beringi nazo huvutwa upande na kuanza kulia. Waliofanya kazi kwenye korona za mkonge wanaujua mlio huo.

Kupima hakuhitaji chombo cha gharama. Injini izimwe kabisa, kisha uvutwe uzi wa mwashi kupita kwenye uso wa puli zote mbili. Uzi uguse mahali pane: kingo mbili za puli kubwa na kingo mbili za puli ndogo. Kama kingo hazina unene mmoja, tofauti hiyo ihesabiwe kwanza. Upotofu unaovumilika kwa mikanda hii ni kama nusu digrii tu, yaani milimita 8 hivi kwa kila mita moja kati ya puli na puli. Upana wa kidole kimoja umekwisha kupita kiasi hicho!

Sasa tuulize: nani aliifunga injini juu ya magogo badala ya zege? Kila mtetemo unaisogeza, na leo si pale ilipokuwa jana. Nani alikataa kununua reli za kusogezea injini, hata mkanda mpya ukawa unaingizwa kwa kukwanyuliwa na bisibisi, nyuzi zake za ndani zikikatika kabla ya kazi kuanza? Mwendeshaji hakuulizwa habari ya saruji. Sisemi kwamba yeye hana wajibu. Kukaza nati na kufuta unga ni kazi yake, na asiyeifanya aambiwe. Lakini msingi mbovu ni wa mwenye mali.

Liko na jambo kubwa kuliko pesa. Mikanda mingi inazunguka wazi, bila kizuizi, hali akina mama na watoto wanasubiri unga hatua mbili tu kutoka hapo. Mkanda uliopotoka ukiruka, hauchagui. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unakataza kutumia mashine ambayo sehemu zake za hatari hazina kinga. Sudan Kusini iliingia katika Shirika hilo mwaka 2012, na tangu Juni 2022 usalama kazini umehesabiwa kuwa haki ya msingi ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu, hata kama haijatia sahihi mikataba yake. Wavu wa chuma na fremu ya pembe hutengenezwa na mchomeleaji yeyote wa Konyo Konyo.

Rai yangu ni hii. Kila mashine iwe na daftari. Siku mkanda mpya unapofungwa, uzi uvutwe mbele ya mwendeshaji na mwenye mashine, kipimo kiandikwe pamoja na tarehe, na wote wawili watie sahihi. Upimwe tena baada ya siku moja au mbili, maana mkanda mpya hulegea. Mkanda ukikatika, daftari lifunguliwe na uzi uvutwe upya. Kabla ya hapo, paundi za mshahara zisiguswe.